Mgeni wa Magharibi

Nyinyi mnaosema ya Ulaya hubaki Ulaya, hebu kaeni kitako mnisikilize. Haya yalimpata Masouda binti Ghanim, jirani yetu wa Darsait, karibu na Maskati, na yalianzia mbali kabisa, kaskazini ya dunia. Mwisho wake mama yangu aliuona kwa macho yake. Mwanzo wake aliusikia kwa Masouda mwenyewe, wala si mara moja.

Ulikuwa mwaka wa sabini, mwezi wa sita. Masouda na mumewe Harub walikuwa wakikaa Kopenhagen tangu walipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Mama yake Masouda, Bi Sayyida, yeye meli yake ilimleta Maskati, na tangu hapo mtu na mwanawe hawakuonana. Harub alikuwa fundi wa redio, mtu mwenye akili nyingi na ubishi zaidi ya akili. Alinunua kombi kuukuu, akang'oa viti, akatia kitanda, kabati na jiko la gesi, ikawa nyumba inayokwenda kwa magurudumu. Likizo ilipofika akasema, "Twendeni tukalione jua lisilotua." Masouda akafunga mchele, unga na hiliki, akampakia binti yao Mahbuba, mtoto wa miaka mitano, wakaondoka.

Safari ilikuwa nzuri, tusiwe waongo. Walivuka kwa feri mpaka Sweden, wakapita misitu isiyokwisha, wakalala pembezoni mwa maziwa, Mahbuba akiimba njia nzima mpaka babake akamwomba apumzishe koo. Kila walivyozidi kwenda juu usiku ulizidi kupungua, na walipofika ncha ya Norway ukawa haupo tena. Jua lilishuka, likakaribia vilima, likakaa palepale kana kwamba limesahau linakokwenda. Kisha likapanda upya.

Hapo ndipo ulipoingia mushkili wa magharibi. Masouda kalelewa Malindi ya Unguja, na mtoto wa Unguja hufunzwa mapema: magharibi ikiingia watoto huitwa ndani, milango hurudishwa, na hodi haijibiwi ovyo. Mchana ukisikia hodi unasema karibu, basi, hapana swali. Magharibi ukisikia hodi unauliza kwanza "nani?" na huyo nani ajitaje jina. Sasa pale penye jua saa zote, magharibi ndiyo ipi? Harub akatoa fatwa yake mwenyewe.

"Tutafuata saa ya Kopenhagen. Jua likitua kule, na huku tuhisabu limetua."

"Na mashetani nao wanafuata saa ya Kopenhagen?" akauliza Masouda. Wakacheka wote wawili.

Jioni moja waliegesha gari kando ya mkono wa bahari ulioingia baina ya milima. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na moshi, hapakuwa na hata mbwa. Harub akatazama saa yake, akasema magharibi imeingia, akateremka majini kutia udhu. Mahbuba alikaa kitandani akichezea vijiko. Masouda alikuwa jikoni anachoma chapati, jua linampiga usoni kupitia dirishani, na moyo wake haukuwa Norway hata kidogo. Alikuwa akimuwaza mama yake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tena ya upole.

"Hodi wenyewe."

Miaka sita Masouda hajabishiwa hodi. Kule watu hubonyeza kengele. Kusikia Kiswahili cha kwao pale pasipo na mtu, furaha ikamtangulia akili. Jua linawaka, chapati iko kwenye chuma, kwake yeye ule ulikuwa mchana mweupe. Akaitikia kwa sauti yake yote, wala hakugeuka.

"Karibu! Karibu ndani, mama!"

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuingia mtu. Ila gari lilizama kidogo upande wa mlangoni, vile linavyozama mtu mzito anapotia mguu kupanda. Masouda akangoja liinuke. Halikuinuka.

Akatoka nje. Kokoto, maji, na Harub kule chini anaosha miguu. Akazunguka gari. Akaita, "Mama? Uko wapi?" Akakumbuka saa. Hapo akaelewa kafanya nini.

Alipomhadithia mumewe, Harub alicheka mpaka akakaa chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema. "Bibi gani wa Unguja atakuja huku na baibui lake? Upepo huo." Lakini alipotaka kuweka kikombe juu ya meza, kikombe kiliteleza kuelekea mlangoni. Akainama chini ya gari, akapima magurudumu, akagonga springi moja moja. Zote nzima. Hakucheka tena usiku ule, ikiwa ule ni wa kuitwa usiku.

Wakakaa kula. Mahbuba akaisukuma sahani yake mpaka pembe ya kitanda, upande wa mlango.

"Kula mwanangu," Masouda akamwambia.

"Nampa Bibi kwanza."

"Bibi gani?"

Mtoto akamtazama mama yake kama anayeulizwa swali la kipuuzi. "Si uliyemkaribisha."

Tangu jioni ile Mahbuba hakula tena ndani ya gari lile. Sahani yake ilirudi tupu, lakini yeye alikonda. Mashavu yakaingia ndani, vidole vikawa njiti. Harub akageuza gari, wakarudi mbio, na walipofika kwao na mtoto akalala kitandani kwake ghorofani, akaanza kula. Daktari akampima, hakuona kitu. Harub akasema ni hewa ya baridi. Masouda akataka sana kumwamini.

Mwaka ule ule nchi ya Omani ikafunguka, watu wakaanza kurudi kutoka kila pembe. Harub akapata kazi Maskati, kwenye ofisi mpya ya mawasiliano. Walifika kwa ndege baada ya Idi. Bi Sayyida alimkumbatia bintiye, akamwachia, akamkumbatia tena, na mama yangu anasema mtaa mzima ulilia siku hiyo. Mahbuba alinenepa kwa halua na mapenzi. Alimwita Bi Sayyida "Bibi wa Darsait." Hakuna aliyemuuliza kwa nini amwite hivyo, kana kwamba yuko bibi mwengine.

Harub alikuwa amelipakia gari melini. Nyumba ya Bi Sayyida ilikuwa vyumba viwili vya udongo, nyumba ya kupanga hakuna, na Harub kaona gari ndiyo nyumba yao mpaka Mungu afungue njia. Siku lilipoletwa na tishari, mashua ya kushushia mizigo melini, pwani ya Matrah, walikwenda wote kulipokea. Mahamali walilivuta mpaka mchangani, wakasimama wakijifuta jasho, na mmoja wao akauliza kwa Kiarabu, "Mna mzigo gani humu ndani?"

Gari lilikuwa tupu. Lilikuwa limeinamia upande wa mlango.

Mahbuba akapiga makofi. "Bibi kafika!" akasema. Masouda akamvuta mtoto nyuma yake.

Akamsihi mumewe wasilale mle. Harub akakataa; alikuwa mtu wa redio, akasema hatalala mchangani na ana kitanda chake kwa sababu ya springi mbovu. Basi gari likaegeshwa nje ya nyumba ya Bi Sayyida, wakalala. Haikupita wiki, Mahbuba akawa hawezi kusimama. Alilala macho wazi akinong'ona na ile pembe, na ukimuuliza anasema nini, anasema, "Nimeambiwa nisiseme." Mwisho akaacha hata maji. Masouda alikuwa akimtia matone mdomoni kwa pamba, na matone yanatoka yalivyoingia.

Hapo Bi Sayyida, ambaye magoti yake hayakumruhusu kupanda gari, akajikokota akaja. Alisimama nje kwanza. Akalitazama gari namna lilivyoinama. Akamtazama bintiye.

"Nani mwengine yumo humu?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Masouda akalia, akasema yote.

"Uliitikia karibu?"

"Jua lilikuwa linawaka, mama. Nikadhani mchana."

"Ukamwambia na ndani?"

"Nikamwambia karibu ndani."

Bi Sayyida akashika kichwa. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba mgeni hafukuzwi, hata akiwa mgeni wa namna gani, na kwamba kumhamisha mtoto peke yake hakufai sasa, kwa kuwa aliyekaribishwa keshazoea, atafuata. Lililobaki ni moja. Mgeni husindikizwa. Na wa kumsindikiza ni yule aliyemwambia karibu, saa ile ile ya magharibi, mpaka njia panda. "Umuage kwa heshima. Usimwambie tutaonana. Usimwambie karibu tena. Ulimi wetu mwepesi, mwanangu. Uushike."

Harub alikuwa bado kazini Maskati. Hawakumngoja. Bi Sayyida akampokea Mahbuba kwa bintiye, akambeba mpaka ndani ya nyumba, na mtoto alikuwa mwepesi hata yeye mwenye magoti mabovu hakuhisi uzito. Akatia komeo. Masouda akabaki peke yake mbele ya gari, adhana ya magharibi ikiwa imekwisha, milima inaingia weusi.

"Mama," akasema kwenye ule mlango ulio wazi, "ahsante kwa kututembelea. Twende nikusindikize."

Akasogea kando kumpisha.

Kisha gari likainuka. Polepole. Likakaa sawa.

Masouda akaanza kwenda. Njia ya kuelekea Ruwi ilikuwa ya changarawe, na changarawe ilisema nyuma yake. Hatua nzito. Hatua za mtu asiye na haraka. Hakugeuka. Aliposita, zilisita. Akasoma aya alizozijua, akazisahau katikati, akaanza upya. Harufu ikamjia, harufu ya hiliki na chapati inayoungua. Akakaza mwendo. Nyuma yake nako kukakazwa mwendo.

Wakafika njia panda, moja inakwenda Ruwi na moja inapanda mlimani kwenda Matrah. Masouda akasimama.

"Mimi mwisho wangu hapa, mama. Kwaheri."

"Kwaheri, mwanangu." Sauti ilikuwa sikioni kabisa. "Umenifadhili. Mtoto mzuri. Chakula kizuri."

Masouda akauma ulimi.

"Na wewe siku moja uje kwetu," ile sauti ikasema kwa upole, kama mtu yeyote anavyomuaga mwenyeji wake. "Karibu sana."

"Ahsante, nshakaribia."

Limemtoka. Hakulisema yeye, lilisemwa na malezi yake. Toka utotoni, mtu mzima akikwambia karibu, unasema ahsante, nshakaribia. Ni neno la adabu tu, halina maana ya kwenda popote. Lakini alikwisha kulisema, kajifanya yeye ndiye mgeni, na nyuma yake akasikia mtu anacheka kwa pua, taratibu. Hatua zikaondoka. Hazikwenda Ruwi wala Matrah. Zilirudi kule walikotoka.

Masouda alikimbia. Kiatu kimoja kilimvuka, hakukiokota. Njia aliyoijua ikawa ndefu. Kila kona aliyodhani ndiyo ya mwisho ilizaa kona nyengine. Akajikwaa, akainuka, akakimbia tena. Akaona taa ya nyumba ya mama yake. Akaufikia mlango, akaupiga kwa viganja viwili.

"Hodi! Hodi, mama!"

"Nani?"

"Mimi. Masouda. Nifungulie."

Kisha akasikia pumzi za mama yake karibu na ubao.

"Nenda zako," Bi Sayyida akanong'ona. "Nenda, Mungu akuhifadhi uendako. Masouda kesharudi zamani."

"Mama!"

"Yumo ndani. Anamsuka mtoto."

Na kutoka chumba cha pili Masouda akaisikia sauti yake. Sauti yake mwenyewe, na uchovu wake, na ile khofu yake.

"Mama, usimfungulie huyo. Ndiye yeye. Kanifuata."

Akateleza mpaka chini, mdomo kwenye mwanya wa mlango. "Mama, mimi mwanao. Baba yangu Ghanim bin Thani. Nyumba yetu Malindi..." Na ile sauti ya ndani ikasema naye, neno kwa neno, Ghanim bin Thani, nyumba yetu Malindi. Akataja ugonjwa alioumwa utotoni, ikautaja. Akataja jina la siri mama yake alilokuwa akimbembelezea, ikalitaja kabla hajalimaliza. Bi Sayyida alikuwa akilia katikati ya sauti mbili za mwanawe mmoja. Na kule ndani, baina ya maneno, Masouda alisikia mkwaruzo wa kitana katika nywele za Mahbuba. Kinakwenda, kinakwenda. Hakikusita hata sauti ilipokuwa ikisema.

Mtoto wangu, akawaza. Mtoto wangu yuko mapajani mwake.

Ndipo likamjia.

"Mama," akasema, na sasa hakupiga kelele. "Mimi tangu lini najua kusuka?"

Kitana kikasimama.

Pale pale mlangoni, Bi Sayyida naye akakumbuka. Miaka yote ile ya Unguja alimfunza binti yake kusuka, alimpiga vidole, alimsema mbele ya mashoga zake, na Masouda hakupata kuutia hata msuko mmoja ukakaa. Mwisho mama alisalimu amri, akamwambia, "Wewe mikono yako Mungu kaiumba ya kupikia tu."

Komeo likaruka. Masouda akaingia, akampita mama yake, akapita mpaka chumba cha pili. Taa inawaka. Mahbuba kakaa peke yake juu ya mkeka, kichwa kimeinama mbele kama vile bado yuko baina ya magoti ya mtu. Kitana kimesimama katikati ya nywele. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwengine timtimu.

Mtoto akainua macho. "Mama," akasema, "nna njaa."

Masouda akamlisha wali kwa mkono wake mwenyewe, tonge kwa tonge, machozi yakimdondokea ndani ya sinia. Alikula mpaka akashiba, akanywa maji, akalala usingizi wa mtoto. Harub alipokuja alimkuta mkewe kamkumbatia binti yake kwa nguvu hata hakuthubutu kuuliza kitu. Asubuhi alilitazama gari lake lililosimama wima, akalitazama, na siku ile ile akalivuta mpaka wadini, kwenye bonde la mto mkavu, akaliacha huko.

Mama yangu aliitwa alfajiri. Mama yangu, Bi Nasriya, ndiye aliyekuwa msusi wa Darsait nzima, na kichwa cha mwanamke yeyote alikijua kuliko uso wake. Akamkalisha Mahbuba, akashika ule upande uliosukwa ili aufumue. Akatafuta ncha. Akatafuta tena. Anasema ilikuwa mistari ya kwenda nyuma, mizuri, iliyonyooka, ya mkono wa mtu aliyesuka tangu ujana, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mwanzo wala mwisho. Nywele zilitoka kichwani zikaingia kichwani. Hapakuwa na pa kufumua.

"Huu msuko gani, Nasriya?" Bi Sayyida akamuuliza.

Mama yangu hakutaka kusema mbele ya mtoto. Alimwinamia sikioni.

"Twende kilioni."

Ndio ule msuko wa haraka, wanaosukana wanawake siku ya msiba. Uliishia nusu kichwa, haukuwahi kumalizika. Wakachukua mkasi wakazikata zote, na zilipoota tena zilikuwa nywele za kawaida.

Mahbuba alikua, akaolewa, ana watoto wake. Huyo alipona. Lakini Bi Sayyida, mpaka anaingia kaburini, kila bintiye alipoingia chumbani alimtazama mikono kwanza, ndipo akamtazama uso. Mama yangu alijitolea mara nyingi kumfunza Masouda kusuka, angalau mistari miwili mitatu ya kumtengeneza binti yake siku ya Idi. Masouda hakukubali hata siku moja. Alikuwa akisema, "Siku nitakayojua, Bi Nasriya, mama yangu atanijuaje?"